Kuku wa Kura Mbili

Kuku sita wa kwanza ambao dobi mmoja aliwanunua walikuwa wazuri kiasi kwamba majirani walitoka nje kuwatazama alipopita nao kwenye tenga. Muuzaji alikuwa amemwapia kwa jina la mama yake mzazi kwamba hao ni kuku wekundu wa mbegu safi, mitetea ya miezi mitano, wiki mbili tu zimebaki waanze kutaga. Panga zao vichwani zilikuwa nyekundu, zinang'aa.

Zilikuwa zimepakwa mafuta na rangi. Alipowafikisha nyumbani na kumshika mmoja kichwa, wekundu ule ukabaki vidoleni mwake, na upanga wenyewe ukaonekana ulivyo, umefifia kama fizi za mgonjwa. Miguu nayo ilikuwa na magamba magumu ya kuku aliyekwisha kula miaka. Kwa miezi miwili wote sita walimpa mayai kumi na moja. Aliyaatamisha manane, vikatoka vifaranga vya kila rangi, kimoja cheusi, viwili vyeupe, vitatu vya madoadoa, na kimoja cha shingo tupu kilichotembea kana kwamba banda ni lake. Yai la nane lilikuwa viza.

Mumewe, ambaye ni kinyozi, alisimama mlangoni mwa banda na taulo begani, akavitazama kwa muda mrefu.

"Mke wangu," akasema, "umenunua kuku au umenunua bendera?"

Mkewe hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, dobi katika hospitali, chumba cha nyuma chenye mapipa ya maji ya moto na meza ndefu ya kukunjia mashuka. Pale kazini hakuna aliyemdanganya kitu. Ungempa shuka amefumba macho, angekuambia limefuliwa mara ngapi, limechanikia upande gani, na kama dawa ya madoa ilizidi. Kilichomuuma si hasara. Kilichomuuma ni kwamba yeye, mwenye mikono ile, ameuziwa kuku kwa macho kama mtoto anayeuziwa puto.

"Kinachonishinda kwenye kuku ni nini?" alimwuliza mumewe wakila. "Kuku naye si ana mgongo, ana tumbo, ana mifupa? Kwa nini nisimjue kwa kumshika?"

"Sasa utajifunzia wapi? Kuna chuo cha kushika kuku?"

Chuo kilikuwepo, sokoni, nyuma ya wauza mbogamboga, mahali penye meza ya zege na ndoo tatu za maji ya moto. Pale alikaa mama mmoja mnene, mnyonyoaji kuku, aliyejulikana soko zima kwa jina la Shangazi Manyoya. Wauzaji walileta kuku, mchinjaji akachinja, naye akanyonyoa na kupasua, kuanzia asubuhi mpaka jua kali. Dobi alimwendea Jumamosi yake ya mapumziko, akanunua kuku mmoja, kisha akabaki amesimama.

"Umesahau kitu, dada?" Shangazi Manyoya akamwuliza.

"Shangazi, nataka kujua kuku anayetaga kabla hajapasuliwa."

Yule mama akaweka kisu chini. Akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akaona mikono yake iliyobabuka kwa sabuni, akatabasamu. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Wote wananiuliza kuku yupi ana nyama. Njoo huku. Vua saa."

Akamchukua kuku mmoja kwenye tenga la waliosubiri zamu yao, akamgeuza mkia juu. "Weka vidole hapa chini ya mkia. Unasikia mifupa miwili myembamba imechomoza? Kati yake vinaingia vidole vingapi?"

"Kimoja. Kimoja kwa shida."

"Huyu amefunga duka. Mwingine huyu?"

"Vitatu."

"Tumbo lake?"

"Laini. Kama... kama shuka lililokaushwa vizuri."

"Sasa subiri."

Kuku wawili wakachinjwa, wakanyonyolewa, wakapasuliwa. Wa kwanza alikuwa mtupu ndani, mafuta matupu. Wa pili alikuwa na yai zima lenye gamba lake, na nyuma yake viini vimepangana, kikubwa, kidogo, kidogo zaidi, hadi vya ukubwa wa punje ya mtama. Dobi akavihesabu kimoja kimoja.

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Alisaidia kunyonyoa bila malipo, na malipo yake yalikuwa kushika kila kuku kabla ya kisu, kutoa jibu kwa sauti, kisha kuangalia ndani kama amepatia. Alijifunza kwamba tumbo laini si ushahidi peke yake, kwa kuwa mafuta nayo hulainika. Mifupa lazima iwe myembamba na inanesa, si minene na migumu. Alijifunza kwamba kuku wa miguu ya njano akitaga sana, unjano humtoka taratibu, kwanza kwenye tundu la kutagia, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomo, mwisho miguu. Hilo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Maisha yake yote alikuwa akitazama rangi ikitoka kwenye vitambaa.

Mwezi wa tatu alikuwa akikosea kuku mmoja kati ya ishirini. Watu wa soko wakaanza kumwita Mama Vidole. Mwanzoni ilikuwa dhihaka. Wifi yake, dada wa kinyozi aliyekaa nyumba ya pili, alilileta jina hilo hadi nyumbani: "Mama Vidole, njoo unipime na mimi, mbona mwaka huu sijazaa!"

"Wewe wifi umefunga duka," akamjibu, na wote wawili wakacheka hadi wakashikana mabega.

Sasa alihitaji kuku wenyewe. Chuo cha mifugo nje ya mji kilikuwa kikiuza mitetea ya ziada mara moja kwa mwaka, mbegu safi kweli, kuku wa rangi nyekundu iliyokolea na mkia mweusi, wazazi wao wakijulikana. Siku hiyo kinyozi alifunga duka lake wakaenda wote. Watu walikuwa wakiingia bandani na kutoka upesi, kila mmoja amekumbatia kuku aliye mkubwa kuliko wengine. Mama Vidole aliingia akachuchumaa. Alimwaga punje chache, akatazama nani anakimbilia wa kwanza na nani anajikunyata. Kisha akaanza kuwashika mmoja mmoja, mfupa wa kidari, upana wa mgongo, vidole vya miguu, jicho. Nusu saa ikapita.

Mtunza banda akachoka. "Mama, unachagua kuku au mchumba?"

"Mchumba nilimchagua kwa dakika tano," akajibu bila kuinua kichwa. "Ndiye huyo aliyesimama nyuma yako."

Banda zima likaangua kicheko, na kinyozi akacheka kuliko wote. Kisha akaingia naye, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo mkewe hakuwa nalo. Kinyozi alikuwa na jicho. Mtu aliyekaa miaka thelathini akisawazisha vichwa vya watu huona kombo ambayo wewe na mimi hatuioni. Alimtazama jogoo mmoja kwa mbali, akamzunguka, akasema, "Huyu mgongo wake umenyooka, lakini upanga una meno sita, unatakiwa matano. Yule pale ana matano, ila mkia umepinda kushoto. Huyu. Mchukue huyu." Jogoo aliyemchagua alikuwa amesimama kama askari wa gwaride, manyoya ya mkia meusi yenye mng'ao wa kijani. Walirudi nyumbani na jogoo huyo na mitetea minane.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mama Vidole alibomoa kabati kuukuu la nguo, droo zake akazigeuza viota. Kila kiota kilikuwa na kibao mlangoni. Kuku akiingia kutaga, kibao kinashuka nyuma yake, hatoki mpaka mtu aje amfungulie. Kwa njia hiyo alijua kila yai limetagwa na nani. Kila kuku alikuwa na pete ya rangi mguuni, na kila jioni alichora alama kwa chaki kwenye ukuta wa jikoni. Shida ilikuwa kwamba asubuhi yeye yuko hospitali, na duka la kinyozi liko mbele ya nyumba. Kwa hiyo kinyozi ndiye aliyefungua viota. Wateja walizoea. Mtu amekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, ghafla kinyozi anasikia kuku akitetea uani, anaweka mashine chini na kutoka mbio. "Nakuja sasa hivi, kuna mtu kafungiwa huko!" Mteja mmoja alisubiri akalala usingizi, nusu yuko nadhifu, nusu yuko kama ametoka porini.

Miongoni mwa mitetea alikuwemo mmoja ambaye kinyozi alimwita Malkia. Hapakuwa na kuku mzuri kama yule. Rangi yake ilikuwa moja kuanzia shingoni hadi mkiani, upanga umekatwa kama kwa mkasi, hata mwendo wake ulikuwa wa madaha. Kinyozi alimpangusa miguu kwa kitambaa cha duka. Baada ya miezi mitatu, chini ya rangi ya Malkia pale ukutani kulikuwa na alama nne.

"Nne," Mama Vidole akasema. "Mwenzake mwenye pete ya bluu ana sitini na nane."

"Mwenye pete ya bluu ana unyoya mweupe bawani! Ukimzalisha huyo, baada ya miaka miwili tuna bendera tena."

"Na wewe ukimzalisha Malkia, baada ya miaka miwili tuna picha ya ukutani. Vidole viwili havipiti pale chini, mume wangu. Nimempima mara kumi."

"Wewe unaangalia matako ya kuku tu. Kuku ana uso pia!"

Walinuniana siku tatu. Siku ya nne kinyozi alikuja jikoni, akasimama mbele ya ukuta wenye alama za chaki, akakuna kidevu. "Sikiliza, mama. Ukiniachia nimtoe wa pete ya bluu kwenye wazazi, nami nakuachia umtoe Malkia. Tangu leo, hapa kwetu kuku hazalishwi mpaka apate kura mbili. Moja yangu, moja yako. Akikosa moja, hata awe nani, anaondoka."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Malkia alihamia kwa wifi, aliyempokea kwa furaha. "Mimi sina shida na mayai," alisema, "nataka wageni wangu wakiingia uani waone kitu." Na kweli kinyozi alipita pale karibu kila siku kumsalimia dada yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Miaka minne ilipita hivyo. Kila msimu vifaranga vilitotolewa, na kila mitetea ilipokomaa, mume na mke walikaa uani kwenye viti viwili, kuku wakipita mbele yao mmoja mmoja kama watu wanaoomba kazi. Kinyozi aliondoa wenye meno sita, wenye manyoya meusi shingoni, wenye vidole vilivyopinda. Mama Vidole aliondoa wenye kidari kifupi na macho ya kusinzia, na baadaye, ukuta ulipotoa ushahidi, akaondoa wavivu. Walisutana, walibembelezana, walihongana. Mwaka wa pili walibaki kuku wanne tu wenye kura mbili. Mwaka wa nne walikuwa ishirini na sita, wamefanana kama wamechongwa na fundi mmoja, na kati yao alikuwepo aliyetaga mayai ishirini na saba kwa siku thelathini.

Ndipo yakaja maonyesho ya mifugo. Wifi ndiye aliyeshikilia waende. "Mnawachagua kila siku nyinyi wawili, basi na wengine wawachague." Wakapeleka mitetea mitatu na jogoo mmoja ndani ya vizimba alivyopaka rangi kinyozi mwenyewe.

Uwanja wa maonyesho ulikuwa umejaa. Katika kundi la kuku safi wa mayai, kizimba cha jirani kilikuwa cha mfugaji mkubwa ambaye kila mtu alimwita Mhandisi. Alikuwa na shamba lenye mabanda ya umeme, na wafanyakazi watatu waliovaa fulana zenye picha ya jogoo. Alikuja akawatazama kuku wa Mama Vidole, akainama zaidi.

"Mmeagiza wapi hawa?" akauliza.

"Uani," akajibu kinyozi.

Msimamizi wa shindano alikuwa daktari wa mifugo kutoka kile chuo, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya mpira, asiyecheka ovyo. Aligeuza kila kuku, akapima, akaandika. Jogoo wa kinyozi alipata nafasi ya pili nyuma ya jogoo wa Mhandisi, na kinyozi akavuta pumzi kama aliyepigwa ngumi. Lakini mitetea mitatu ya Mama Vidole ikashika nafasi ya kwanza. Alama zilipojumlishwa, Mhandisi na Mama Vidole walikuwa sawasawa.

"Hatugawi kombe," daktari akasema. "Mfugaji wa mbegu safi ni yule anayejua kuchagua. Leteni wale kumi na wawili."

Kikaletwa kizimba kirefu chenye kuku kumi na wawili wa chuo, kila mmoja na pete yenye namba mguuni. Daktari alikuwa na karatasi yenye kumbukumbu za utagaji za kila mmoja. Washindani walitakiwa kuwatenga wanaotaga na walioacha, dakika ishirini kila mtu.

Mhandisi alianza. Alifanya kazi kwa utulivu, akatazama panga, macho, rangi za miguu, akawashika wachache tu. Alipatia tisa. Watu wakapiga makofi.

Mama Vidole alivua saa, akaikabidhi kwa wifi. Akamtoa wa kwanza, akamgeuza mkia juu, vidole vikaenda mahali pake. "Anataga." Wa pili. "Ameacha." Wa tatu alikuwa na upanga uliofifia, na Mhandisi alikuwa amemkataa, Mama Vidole akashika, akarudia, akasema, "Anataga, tena sana, ndiyo maana amechoka." Watu wakaanza kusogea. Namba saba alikuwa kuku wa kuvutia, upanga mwekundu, tumbo laini kama unga. Hapo Mama Vidole alikaa dakika nzima. Alifumba macho. Tumbo lilimwambia ndiyo, mifupa ikamwambia hapana, na chini ya ule ulaini vidole vyake vikasikia kitu kinene, kizito, alichokiona mara nyingi juu ya meza ya zege.

"Ameacha," akasema. "Hayo ni mafuta."

Alipomaliza wa kumi na mbili, daktari alipitia karatasi yake kwa kalamu. "Kumi na mmoja kati ya kumi na wawili. Hongera sana, mama. Umekosa namba saba tu. Namba saba anataga, tena ni miongoni mwa bora wetu."

Tayari ulikuwa ushindi. Kinyozi alikwisha kurusha kofia yake juu. Lakini Mama Vidole hakuondoka pale kizimbani.

"Daktari, samahani," akasema. "Karatasi yako imekosea."

Mhandisi akakunja mikono kifuani. Wifi akamvuta nguo kwa nyuma, "Wewe, chukua kombe twende!" Yeye akabaki amemshika namba saba kwapani.

"Kuku huyu hajataga mwezi mzima, pengine zaidi. Kidole kimoja na nusu tu ndicho kinachoingia hapa. Kama ni bora wenu, basi huyu siye."

Daktari aliweka kalamu mfukoni. Kisha akamchukua kuku, akashika mwenyewe chini ya mkia, na uso wake ukabadilika. Akafunua bawa. Ndani ya bawa, mahali ambapo kuku wa chuo huvalishwa kibati kidogo wakiwa vifaranga, palikuwa na namba nyingine. Akaisoma mara mbili, akafungua ukurasa wa nyuma wa kumbukumbu.

"Kumi na saba," akasema, na safari hii alicheka, kicheko kirefu kilichowashangaza hata wafanyakazi wake. "Pete imevalishwa kuku asiye wake. Huyu ni kumi na saba. Aliacha kutaga wiki ya sita sasa." Akainua mkono wa Mama Vidole juu, ule mkono uliobabuka kwa sabuni. "Kumi na wawili kwa kumi na wawili! Amewapatia wote, na mimi akanisahihisha!"

Kelele zilizopigwa hapo ziliwashtua majogoo wa uwanja mzima, wakaanza kuwika wote kwa pamoja. Shangazi Manyoya, aliyefunga meza yake siku hiyo aje aone, alipenya katikati ya watu akimkumbatia kila mtu aliyemkuta njiani, akisema, "Ni mwanafunzi wangu! Huyo ni mwanafunzi wangu!" Mhandisi alikuja akatoa mkono, na kabla hajauachia akaomba mayai ya kuatamisha.

"Utasubiri," Mama Vidole akamwambia. "Kwetu kuna kura mbili."

"Yangu amepata," kinyozi akadakia haraka. "Ila kwa sharti, aniruhusu nimtazame yule jogoo wake kwa karibu."

Mwezi uliofuata barua ya chuo ilifika hospitalini. Walimwomba Mama Vidole akawachagulie kuku wazazi wa kizazi kipya, kutoka mitetea mia nne. Mkuu wa dobi alimpa likizo ya siku nne, akamwekea barua hiyo ukutani juu ya meza ya kukunjia mashuka. Kinyozi alibandika tangazo kwenye mlango wa duka: *Tumeitwa chuoni. Atakayeshindwa kusubiri asuke.*

Walifanya kazi siku zote nne, yeye akishika, mumewe akitazama, wanafunzi waliovaa makoti meupe wakiandika kila neno. Walichagua mia moja na ishirini. Mwaka uliofuata kundi hilo lilitaga kuliko kundi lolote lililowahi kufugwa pale, na katika daftari kubwa la chuo, kwenye safu ya jina la mbegu, pakaandikwa kwa wino: Mama Vidole na Mumewe.

Kinyozi alilalamika kwamba jina lake halikutajwa. Mkewe akamwambia ashukuru kuwa ametajwa.